Ongeza Jani Moja: Historia Fupi ya Springi za Magari Yetu

Wiki hii tuziache kando seva, hifadhidata na kodi zinazokataa kufanya kazi saa nane za usiku. Nataka tuzungumze kuhusu springi. Naam, springi! Vile vyuma vilivyopinda kama upinde, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine chini ya matatu, ambavyo huvioni mpaka siku gari linapoinuliwa kwa jeki.

Najua kuna atakayeuliza: mtu wa kompyuta ana kazi gani na springi? Jibu ni rahisi. Ukikaa Kondele huwezi kuzikwepa. Barabara ya Kakamega inapita hapa, barabara ya Kibos inaanzia hapa, trekta za miwa, malori na matatu zote zinapumulia hapa. Na palipo na magari mazito pana mafundi. Sikiliza mazungumzo yao siku moja tu. Dereva analalamika kwamba gari linakaa chini nyuma, linayumba, linagonga kila shimo. Fundi anainama, anachungulia, anasimama, anajifuta mikono. Anasema: "Ongeza jani moja."

Jani hapa ni bamba moja la chuma katika springi. Sentensi hiyo fupi ndiyo historia nzima ya magari ya abiria kwetu. Leo nitajaribu kuonyesha kwa nini, na kwa nini naamini imetugharimu maisha ya watu.

Nyumba yenye magurudumu na matatu ni ndugu

Nianze mbali kidogo. Marekani na Ulaya kuna watu wanaonunua nyumba zenye magurudumu: gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Familia inafunga safari miezi mitatu bila kulala hotelini. Nyumba nyingi za namna hiyo hujengwa juu ya chasi ya lori au ya gari la mizigo. Kiwanda kimoja kinatoa chasi na injini, kiwanda kingine kinaweka sanduku refu juu yake.

Malalamiko ya wenye nyumba hizo ni yale yale siku zote. Gari linainama kwenye kona. Lori kubwa likipita, upepo wake unalisukuma. Usukani haukai sawa. Mkia unakaa chini. Kwa hiyo limezaliwa soko zima la kuwauzia dawa, na dawa zenyewe kimsingi ni nne: springi nzito zaidi, shoki bora, stabilaiza (ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiiname), na mifuko ya hewa.

Sasa fanya hivi. Toa kitanda, jiko na choo. Weka viti 33, keria juu, magunia ya samaki na mahindi, na spika nne. Umepata nini? Umepata matatu ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Tatizo ni lile lile: sanduku refu na zito juu ya chasi iliyoundwa kubeba mzigo usiolalamika. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ya magurudumu anatengeneza gari analopanda mwenyewe pamoja na watoto wake. Matatu hutengenezwa kwa pesa za mtu ambaye mara nyingi hasafiri nayo. Ishike tofauti hiyo, tutairudia.

Kabla ya injini

Springi ni kongwe kuliko gari. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyeeleza kanuni yake: ukiivuta springi mara mbili zaidi, inakurudishia nguvu mara mbili zaidi. Watu wa kompyuta mtapenda hii. Mwaka 1676 Hooke hakuitangaza kanuni hiyo waziwazi, alichapisha herufi zake zikiwa zimepangwa kwa alfabeti tu ili mtu mwingine asimwibie wazo. Mwaka 1678 ndipo akafichua maana yake. Kwa lugha yetu, alichapisha hashi kwanza na ujumbe baadaye! Akithibitisha kwamba alikuwa wa kwanza, bila kumpa mshindani wake kitu.

Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengeneza magari ya farasi wa London, alipata hataza ya springi ya majani iliyofungwa moja kwa moja chini ya gari. Magari ya farasi yakawa mepesi zaidi, na abiria wakapona mgongo. Injini ilipokuja miongo mingi baadaye, springi hiyo hiyo ilihamishwa tu kutoka gari la farasi. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na springi za majani zilizolazwa kukingama, moja mbele, moja nyuma.

Kwa nini springi ya majani haikufa mpaka leo? Kwa sababu inafanya kazi nyingi kwa bei ya moja. Inabeba mzigo. Inashika ekseli isisogee mbele wala nyuma, kwa hiyo huhitaji vyuma vingine vya kuishikilia. Na majani yanaposuguana, msuguano huo unapunguza kurukaruka, kidogo kama shoki. Tena haihitaji kompyuta wala pampu. Kipande kikivunjika unakitoa, unaweka kingine. Kwa mtu aliye mbali na duka la vipuri, hiyo si teknolojia ya kizamani, ni teknolojia inayofaa.

Sehemu nyingine zilikuja moja moja. Mfaransa Maurice Houdaille alitengeneza shoki za mafuta mapema katika karne ya 20. Mwaka 1919 Mkanada Stephen Coleman alipata hataza ya stabilaiza. Kufikia miaka ya 1950 mabasi ya Marekani yalikuwa tayari yanakalia mifuko ya hewa. General Motors iliiweka kwenye mabasi yake mwaka 1953, na mwaka uliofuata likaja lile basi maarufu la Greyhound, Scenicruiser, likiwa nayo pia. Dawa zote nne zilikuwepo kabla Kenya haijapata uhuru. Swali la historia, basi, ni hili: kwa nini kwetu ikatamalaki moja tu?

Reli, matope na Safari

Kisumu ni mji uliozaliwa na chombo cha magurudumu ya chuma. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence. Kwa miaka mingi mzigo mzito ulikwenda kwa reli na meli, barabara zikawa za masafa mafupi. Na barabara zenyewe si za kuchezea. Nyanda za Kano zina udongo mweusi wa pamba, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Jenga lami juu yake bila msingi mzuri, na baada ya misimu michache utakuwa na mawimbi kuliko ziwa lenyewe.

Dunia ilikuja kujifunza springi katika barabara za namna hiyo. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa Safari Rally. Watengenezaji wa magari waligundua haraka kwamba gari lenye mbio peke yake halifiki. Linafika lile ambalo shoki zake hazichemki, springi zake hazivunjiki na tumbo lake halisugui mawe. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda kwa 404 pia. Peugeot 504 ikafuata kwa kushinda mwaka 1975 na 1978.

Ushindi huo haukuishia kwenye magazeti. Mzazi wako akikuambia kwamba Peugeot ndiyo ilikuwa gari, anakumbuka jambo la kweli. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, na shoki zake nzuri, kwa hiyo gurudumu lilifuata barabara badala ya kuirukia. Ile 504 ya familia, ya safu tatu za viti, ilikuwa na ekseli moja ya nyuma iliyokalia springi nne za mviringo, mbili kila upande. Ilibeba mzigo bila kuwa ngumu kama ubao. Si ajabu ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu kati ya Nairobi na miji ya magharibi kwa miaka mingi.

Zingatia somo la Safari: kwenye barabara mbaya, gari lililoshinda halikuwa gumu zaidi. Lilikuwa lile lenye springi yenye nafasi ya kusogea na shoki ya kuituliza. Somo hilo tulikuwa nalo mlangoni. Tukachukua njia nyingine.

Mwaka 1973

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, iliyowatazama mafundi na wachuuzi wadogo kama watu wenye kazi halisi na si wazururaji. Mwaka uliofuata, 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile za usafiri zilizohitajika kwa mabasi. Kabla ya hapo matatu ilikuwa ya kujificha. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi.

Matatu za kwanza hazikuwa magari ya abiria. Zilikuwa pikapu na magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi na turubai. Hapo ndipo springi ikawa biashara. Pikapu imeundwa kubeba kiasi fulani. Mwenye gari anataka kubeba kiasi hicho na nusu yake zaidi. Springi ikilala, fundi anaongeza jani. Gari linasimama tena. Mwenye gari anaona limesimama, anaongeza abiria wawili. Springi inalala...

Mafundi waliofanya kazi hiyo ndio tuliokuja kuwaita jua kali. Serikali iliwatambua taratibu. Rais Moi aliwatembelea wale wa Kamukunji katika miaka ya 1980 na wakajengewa vibanda, kisha ikaja Sera namba 2 ya mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kisumu nayo ina jua kali wake, na ukipita Kibuye utaona springi iliyozeeka haitupwi. Jani lililovunjika linakuwa panga, jembe, patasi, au jani katika gari lingine. Hapo kwa "gari lingine" ndipo pana hesabu ninayotaka mniruhusu nifanye.

Hesabu ya jani

Ugumu wa springi ya majani unategemea idadi ya majani, upana wake, urefu wake na unene wake. Idadi inahesabika moja kwa moja: ukitoka majani matano ukafika saba ya aina moja, ugumu umepanda kwa asilimia 40. Lakini unene unahesabika mara tatu, yaani unauzidisha kwa wenyewe na tena kwa wenyewe. Jani lenye unene wa milimita 10 lililotolewa kwenye lori, likiwekwa kati ya majani ya milimita 7 ya gari dogo, kwa urefu na upana ule ule, lina ugumu wa karibu majani matatu. Fundi amesema jani moja. Fizikia imesikia matatu.

Sasa tazama yanayofuata.

Kwanza, gari linadunda kwa kasi zaidi. Gari linalostarehesha hupanda na kushuka karibu mara moja au moja na nusu kwa sekunde. Tuchukue mfano wa hesabu tu: nyuma ya gari kuna uzito wa kilo 1,600 likiwa limejaa na kilo 900 likiwa tupu, na likijaa linadunda mara 1.5 kwa sekunde. Likiwa tupu litadunda mara 2 kwa sekunde. Ongeza ugumu asilimia 40, na likiwa tupu linakaribia mara 2.4. Hapo gurudumu halifuati tena barabara, linaigonga na kuiachia. Na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Pili, shoki inazidiwa. Shoki iliyotosha kutuliza springi ya zamani haitoshi kwa springi ngumu zaidi. Kwa ongezeko lile la asilimia 40, uwezo wake wa kutuliza unashuka kwa karibu asilimia 15, hata kama shoki ni mpya kabisa. Na shoki zetu si mpya.

Tatu, gari linainuka. Jani jipya lenye mpindo mkubwa linanyanyua mkia. Magari ya aina ya Hiace yana fimbo ya kujinyonga mbele badala ya springi ya mviringo, kwa hiyo fundi anakaza boti yake ili mbele pafanane na nyuma. Gari lote sasa limepanda, na kitovu cha uzito kimepanda nalo.

Nne, nyuma pakiwa pagumu kuliko mbele, mkia ndio unaoanza kuteleza kwenye kona. Dereva wa mashindano anajua la kufanya. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri na yuko mzunguko wa sita hana nafasi ya kujifunza.

Nilimuuliza fundi mmoja hapa Kondele, mzee ambaye amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. "Mzee, kwa nini hamuanzi na shoki?"

Alicheka. "Nyathina, shoki haionekani. Mwenye gari anakuja jioni, anasimama nyuma ya gari, anatazama. Likiwa limesimama, analipa. Ukimwambia nimebadilisha shoki mbili kwa pesa hizi, ataniuliza mbona gari liko vile vile."

Jamani, nimefanya kazi na wateja wa programu na sijawahi kusikia ukweli uliosemwa vizuri kuliko huo. Kinachoonekana ndicho kinacholipiwa.

Michuki na wale wanne walioshuka

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Wengi wanazikumbuka kwa mikanda ya usalama, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa historia ya springi, muhimu zaidi ni jambo lingine: zile Nissan zilizokuwa na viti 18, na ambazo zilibeba zaidi ya hapo, zilishushwa hadi abiria 14.

Watu wanne wakishuka, kwa kilo 70 kila mmoja, umepunguza kilo 280. Hakuna fundi, hakuna shoki ya bei yoyote, hakuna mfuko wa hewa unaoweza kuboresha uendeshaji wa gari lile kama kilo 280 zilizotolewa. Lile ndilo boresho kubwa zaidi la springi katika historia ya Kenya, na lilifanywa na karatasi.

Lakini majani yaliyokuwa yameongezwa hayakutolewa. Hakuna aliyesema yatolewe. Kwa hiyo likabaki gari gumu kupita kiasi kwa mzigo wake mpya, na springi ngumu ni mwaliko wa kudumu. Polisi wakiondoka njiani, nafasi ya wale wanne ipo palepale, na chuma cha kuwabeba kipo. Hata hesabu ya kila siku ambayo dereva anampelekea mwenye gari haikubadilika kwa sababu ya kanuni. Chochote juu ya hesabu ni cha dereva na kondakta. Ndiyo maana abiria wa kumi na tano daima ana mvuto.

Sanduku linarefuka

Kisha yakaja magari ya viti 33. Isuzu NQR ni ya familia ya lori. Chasi inaunganishwa Nairobi, katika kiwanda kilichokuwa kikiitwa General Motors East Africa na tangu 2017 ni Isuzu East Africa. Bodi ya abiria inajengwa na karakana za hapa nchini. Ndiyo ile hadithi ya nyumba ya magurudumu neno kwa neno.

Hapa springi peke yake haielezi mambo. Tuchukue kanuni moja ya zamani: gari linapinduka kwenye kona pale msukumo wa pembeni unapozidi nusu ya upana kati ya magurudumu, ukigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Mfano wangu wa hesabu: upana mita 1.5, kitovu cha uzito kimo cha mita 1.2. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, gari hilo litaanza kupinduka karibu na kilomita 69 kwa saa. Weka mizigo juu ya keria na uinue springi mpaka kitovu kifike mita 1.5. Sasa ni kilomita 62. Halafu kumbuka gari halisi linainama, linayumba na kukutana na mashimo, kwa hiyo mipaka halisi iko chini ya hapo. Na kumbuka kidhibiti mwendo kinaruhusu 80!

Stabilaiza ingesaidia gari lisiiname haraka na limpe dereva muda. Lakini haishushi kitovu cha uzito. Jani la ziada linafanya kitu kibaya zaidi: linapunguza kuinama huku likipandisha kimo. Dereva anahisi gari limetulia, wakati kwa kweli limesogea karibu na ukingo. Dalili imefichwa, ugonjwa umeongezeka.

Kenya ina kiwango cha KS 372 kuhusu ujenzi wa bodi za magari ya abiria, toleo la 2014. Ni hatua nzuri. Ila bodi hukaguliwa inapotoka karakana, na springi hubadilishwa miaka kumi inayofuata, jioni moja moja, chini ya mwembe.

Barabara nayo inajibu

Kuna kipande kimoja cha mwisho, na ndicho kinachofunga mzunguko. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa huko Ottawa, jimbo la Illinois, wakiendesha malori kwenye barabara za majaribio mchana na usiku. Walichokipata bado kinaongoza wahandisi: madhara kwa lami yanapanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye mzigo maradufu haiharibu mara mbili, inaharibu mara 16.

Katika miaka ya 1990 utafiti wa nchi za OECD uitwao DIVINE ukaongeza kwamba aina ya springi nayo ina neno. Springi ngumu inapiga barabara kwa nyundo. Mfuko wa hewa wenye shoki nzima unaikanyaga kwa upole. Ulaya ilikuwa tayari, mwaka 1992, imeruhusu uzito wa ziada kidogo kwa magari yenye springi za aina hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria yake ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013, inayoweka tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne.

Sasa tazama duara lilivyo. Barabara mbovu inavunja springi. Fundi anaongeza jani. Jani linaruhusu mzigo zaidi na linaipiga barabara zaidi. Barabara inazidi kuharibika. Inavunja springi. Watu wa programu mnakijua kitu hiki: kila kiraka kinaleta hitaji la kiraka kingine, na kila mtu katika duara anafanya jambo la busara kwa nafasi yake. Fundi anamridhisha mteja. Mteja anatafuta hesabu. Dereva anatafuta chakula. Hakuna mjinga hata mmoja, na matokeo ni ya kijinga.

Kinachoamuliwa chini ya gari

Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda magharibi lilipoteza mwelekeo karibu na Fort Ternan, likabiringika, na paa lake likang'oka. Zaidi ya watu 50 walikufa. Agosti 2025, basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, barabara hii hii ya Kakamega, safari fupi kutoka Kondele. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Sisemi springi ndiyo iliyoua. Ajali ina sababu nyingi, na ningekuwa mwongo kama ningechagua moja kwa kuwa nimeamua kuandika juu yake. Ninachosema ni kwamba kila basi refu linapoingia kwenye kona kwa mwendo usiofaa, kuna pengo dogo kati ya kutikisika na kupinduka. Ni tofauti ya kilomita chache kwa saa. Pengo hilo halipimwi barabarani. Limeshapimwa kabla, chini ya gari, na mtu mwenye nyundo na spana aliyeambiwa alisimamishe ifikapo jioni.

Kwa hiyo ukiwa na gari, au una mjomba mwenye gari, mpe ratiba hii ambayo wenye nyumba za magurudumu walijifunza kwa pesa nyingi na mafundi wetu wazuri wanaijua bila kuulizwa. Kwanza punguza mzigo, hasa wa juu na ule wa nyuma ya ekseli. Pili, hakikisha upepo wa matairi. Tatu, badilisha bushi zilizokwisha, maana springi nzuri katika bushi mbovu ni kazi bure. Nne, shoki, zote mbili za ekseli moja kwa pamoja. Tano, stabilaiza na viungo vyake. Springi ni ya mwisho, nayo irudi kuwa kama kiwanda kilivyosema, idadi ile ile na unene ule ule. Na jani lisipindwe kwa moto wa gesi, kwa sababu chuma cha springi kimepata nguvu yake kwa kupashwa moto, kuzimwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Moto wa ovyo unaifuta kazi yote hiyo.

Jambo moja zaidi, na hili ni la kwetu sisi wa kompyuta. Hatuandiki mstari wa kodi bila kuhifadhi nani kabadilisha nini, lini, na kwa nini. Matatu inabadilishwa springi mara ishirini katika maisha yake na hakuna mahali popote palipoandikwa. Fundi wa leo anakuta majani tisa na hajui matano ya kiwanda ni yapi. Daftari la shilingi hamsini ndani ya dashibodi lingetosha: tarehe, kilomita, kilichotolewa, kilichowekwa. Wala hakuhitajiki programu ya simu kwa hili. Na mtu akinilipa kutengeneza programu hiyo nitamwambia aanze na daftari.

Wewe abiria je? Kabla ya kupanda, zunguka nyuma ya gari mara moja. Tazama kama mkia umeinuka juu kuliko mbele likiwa tupu. Ukiuona umeinuka hivyo, ujue hilo ni gari lililoandaliwa kwa watu ambao bado hawajapanda. Subiri linalofuata.